Kaza Mpaka Ilie

Baba mkwe wangu hakuwa na desturi ya kubisha hodi ofisini kwangu. Alisukuma mlango kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa imejaa grisi, akaingia, akakaa juu ya meza yangu kama yuko gereji. Ukimwuliza, chumba ni chake. Kilikuwa cha mwisho katika nyumba yake ya barabarani pale Karatu, na gereji yake ya magari ya watalii ilikuwa nyuma ya ukuta wangu. Mimi nilikuwa na meza, printa na kompyuta moja. Nilichapa barua za watu, mitihani ya shule na ratiba za mazishi. Ndiyo kazi niliyosomea Arusha, na niliipenda kuliko walivyodhani wakwe zangu.

Na aliyeiua kompyuta yangu ni yeye, nasema bila kupepesa macho. Kila asubuhi alipuliza injini za magari yaliyotoka porini kwa kompresa, na lile vumbi jekundu likaingia dirishani kwangu. Nikimwomba ageuzie gari upande wa pili, anacheka: "Mkwe, uliolewa Karatu ukidhani hakuna vumbi?" Mwishowe feni ya ndani ikasakamwa, ikasimama, na prosesa ikaungua. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Ikifa, vilivyobaki ni makopo.

Alipopata habari hakusema hata pole. Alisema chumba anakitaka kiwe stoo ya spea, maana shokapu zake zinanyeshewa. "Mashine isipowaka wiki hii, utarudi jikoni umsaidie mama yako." Mume wangu, aliyekuwa dereva wa kupeleka wageni kreta kutazama wanyama, aliniambia nimvumilie, ni mzee. Nimvumilie. Neno hilo nilikuwa nimelishwa tangu siku ya harusi mpaka likanikinai.

Angalau mume wangu alinifungia safari ya Arusha, akaniletea prosesa nyingine, na hitisinki yake, lile pande la alumini lenye mapezi na feni juu, ambalo hukaa mgongoni mwa prosesa na kunyonya joto. Nilikuwa nimeshafungua kasha la kompyuta, na mwalimu mmoja aliyetoka Loliondo amekaa kitini akisubiri mitihani yake, mlango ukasukumwa kwa kiwiko.

"Toka hapo mkwe. Hii ni kazi ya fundi."

Katika ukoo nilioolewa, mkwe hamnyang'anyi baba mkwe kitu mkononi, wala hambishii mbele ya mgeni. Unasogea pembeni, unasema sawa baba. Nikasogea. Prosesa yenyewe aliitumbukiza salama, kwa bahati tu. Kisha akaisukuma kando ile pesti ndogo ya kupitisha joto iliyokuja nayo, akachota grisi ya beringi kwa kidole na kuipaka prosesa kama siagi kwenye mkate.

"Baba, hiyo ina pesti yake, tena inapakwa kidogo tu," nikasema kwa sauti ya adabu.

"Chuma ni chuma."

Pale gereji walikuwa na msemo wao: kaza mpaka ilie. Nati ya tairi isipolia haijakazwa, na gari litakuachia gurudumu kwenye mteremko wa kreta. Kwa gari, sawa. Lakini yeye aliibandika hitisinki mshazari, akashika bisibisi ndefu, akaikandamiza klipu ya kuishikilia kwa uzito wa mwili mzima. Ikalia. Mlio mdogo, kama wa kuponda chawa kwa ukucha. Nilijua pale pale.

"Mzee ni fundi kweli," mwalimu akasema.

Tukawasha. Kimya. Baba mkwe akafuta mikono kwenye kitambaa changu cha meza, akasema nimeuziwa feki, akaondoka. Niliing'oa hitisinki nikakuta pembe ya prosesa imemeguka. Mwalimu akapanda lori kurudi Loliondo na karatasi zake zile zile za mkono. Nilichemka mpaka masikio yakaziba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi waje walalie changu, waone heshima inavyouma.

Mume wangu alisema nikamwombe baba ruhusa kwanza, ndipo alete prosesa nyingine. Nilimjibu akirudi bila prosesa, asirudi. Aliileta.

Safari hii nilifunga dirisha, nikatia komeo mlangoni. Nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikagusa bati la kasha ili umeme wa mwilini uniishie. Nikainua kijiti cha soketi, kile kinachoibana prosesa. Prosesa nikaishika kwa kingo.

Mlango ukasukumwa kwa kiwiko. Ukagoma. Ukatikiswa.

"Mkwe, fungua nikukazie."

 Niliweka prosesa chini kwanza, maana pini zake hupinda kwa kuguswa tu. Akagombeza nje, kwamba chumba ni chake, kwamba wanawake wa siku hizi hawana adabu, na barabara nzima ikasikia. Nikangoja amalize, nikaishika tena. Nikalinganisha pembe yenye alama, prosesa ikazama yenyewe bila kusukumwa, nikashusha kijiti. Pesti kiduchu. Hitisinki nikailaza sawasawa, klipu upande huu, kisha upande ule, taratibu. Waya wa feni nikauchomeka kabla ya umeme, nikauchomeka na ule wa ukutani.

 Halafu nikasikia vidole vikigonga mbao.

"Hodi."

Mkwe mwenye adabu hujibu papo hapo. Mimi nilibonyeza swichi kwanza. Feni ikazunguka, kioo kikawaka, nikangoja mpaka kikatulia. Ndipo nikatoa komeo.

"Karibu, baba."

Alitazama kioo. Akatazama bisibisi aliyoishika.

"Hukuikaza?"

"Sikuikaza."

Shokapu zilijengewa banda la bati nyuma ya gereji. Hakuniomba radhi kwa lolote, nami sikumwomba. Ila tangu siku ile alisimama kizingitini na kubisha hodi kama mteja mwingine, na mimi kila mara nilimaliza kwanza sentensi niliyokuwa nachapa.