Kichwa cha Gunia

Gunia la mchele wa Sange halikuishia mdomoni. Mkulima alilijaza, akazungushia mdomo wake majani ya migomba, akaendelea kujaza kwa juu, kisha akafunga kwa kamba ya katani. Likaota kichwa, kama mtu aliyevaa kofia. Gunia lisilo na kichwa, mchuuzi wa Kadutu hakulitazama mara mbili. Kile kichwa sisi wachuuzi tulikiita haki yetu. Mkulima alikiita nini, sijui. Sidhani kuna aliyemuuliza.

Niliuza mchele soko la Kadutu, kule mjini, miaka ile nchi ilipoitwa Zaïre, na kila kitu nilikihesabu mara mbili: mara ya kwanza mbele ya anayeniuzia, mara ya pili akishaondoka. Aliyeniuzia mimi alikuwa mjane wa Sange, mwenye shamba la mpunga kule bondeni, kando ya mfereji. Kila mavuno alipanda lori na magunia sita yaliyokwisha kukobolewa. La saba lilibaki nyumbani na maganda yake, ndiyo mbegu. Hilo la saba aliliongelea kama wengine wanavyoongelea mtoto aliye seminari.

"Maman, hii kichwa iko ndogo," nilimwambia kila safari. "Ilikuwa mugonjwa?"

"Kama iko ndogo, uache. Nitapeleka Nguba, kule banajua kula."

"Nguba watakulipa na merci."

Hakwenda Nguba, mtaa wa matajiri. Tulimalizia kwa chai na mandazi, mimi nikijua nimeshinda, na yeye akiniacha nijue hivyo.

Halafu redio ikatangaza kwamba mchele wa nje utaingia bila ushuru, watu wa mjini wale kwa bei ya chini. Ukaja kweli, katika mifuko myeupe ya plastiki iliyofumwa, yenye maandishi ambayo hakuna aliyeyasoma. Punje ndefu, na jiwe hata moja hakuna. Wa Sange ulikuwa na mawe yake. Wateja wakilalamika niliwaambia mawe ni bure, sijawahesabia.

Kulikuwa na papa mmoja wa Nguba, baba mtu wa ofisi, abakosti yake, suti ya wakubwa wa serikali, imefungwa mpaka kooni. Ndiye aliyenieleza mambo ya serikali, akiniita citoyenne, mwananchi, kama amri ya siku zile ilivyotaka.

"Citoyenne, hii ni kwa faida ya raia."

"Na mukulima wa Sange iko nani, Papa? Mutalii?"

"Yeye atajipanga. Atatoa muchele mingi zaidi."

"Na hiyo mingi, nani atanunua?"

Akatazama saa yake. "Unipimie kopo kumi," akasema. "Ya ile ya nje."

Nikampimia. Mchele wa Sange niliupima kwa kilima juu ya kopo, na mwishoni nikatia matabisi, konzi moja ya bure, la sivyo mteja asingeondoka. Wa nje niliupitishia kiganja, kopo likawa sawa kama meza. Hakudai matabisi. Hakuna aliyedai.

Mavuno yaliyofuata, magunia sita ya mjane yalikaa kwangu wiki tatu. Yeye alilala kwa dada yake hapo Kadutu, na kila asubuhi alikuja kuuliza.

"Maman, imetoka?"

"Imetoka kopo mbili. Na moja ni mie nilikula."

Ilimlazimu kurudi na pesa ya palizi, maana mpunga hausubiri, na wanaopalilia hawapalilii kwa ahadi. Nikaona nitumie akili ya soko. Niliamini shida ya ule mchele ni nguo tu. Nikakusanya mifuko mitupu ya mchele wa nje, nikaipima, ikawa na kimo kilekile cha gunia letu. Tukatandika turubai, tukapeta siku tatu na kutoa mawe yote, kisha tukajaza mifuko na kuishona kwa mashine ya fundi wa jirani.

Magunia sita yakatoa mifuko saba, na chungu ikabaki juu ya turubai. Nikadhani nimekosea. Nikahesabu tena. Saba, na chungu iko palepale.

"Hii inatoka wapi?" mjane akauliza.

"Ni vichwa," nikasema.

Vidole vyake vikatembea juu ya goti. Alikuwa anahesabu mavuno.

"Kila safari nilikuwa nakuletea gunia moja ya bure."

"Ni desturi, Maman."

"Desturi ya nani?"

Nikajifanya natafuta sindano.

Mifuko saba ilikwisha kwa siku mbili. Yule papa wa Nguba akarudi mwenyewe kusifu. "Ile ya mwisho ilikuwa na harufu muzuri sana! Watu ya nje banajua kulima, citoyenne."

Mjane alikuwa nyuma yangu, amekalia debe. "Harufu ilikuwa kama ya wapi, Papa?"

"Kama ile mama yangu alikuwa anapika zamani."

"Basi mama yako alikuwa mutu wa nje."

Tulicheka mpaka machozi yakatoka, na yeye papa akacheka pia bila kujua anacheka nini. Kicheko kilikwisha tulipogawana. Mchele uliovaa mfuko wa nje uliuzwa kwa bei ya nje. Tukitoa mashine ya kukoboa na lori, pesa ya mjane ilitosha palizi ya nusu ya shamba. Nilihesabu mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa nusu. Mimi nilidhani wateja wanakimbia mawe, kumbe walikimbia bei, na bei sikuweza kuipeta.

Msimu uliofuata alinitumia habari kwa dereva kwamba ataleta magunia matatu. Lori lilipofika nikayahesabu yakiwa bado juu. Manne. Yaliposhushwa nikahesabu tena. Manne, na yote yamefungwa mdomoni, bapa.

"Ulisema tatu. Hii ya ine ni nini?"

"Ni muchele."

"Ni mbegu?"

"Ilikuwa mbegu. Nimepitisha ku mashine."

Kama angeuleta na maganda yake ningemrudisha nao, hilo napenda kuliamini. Lakini mpunga uliokobolewa hauoti. Naye alijua, ndiyo maana aliukoboa kwanza, asije akabadili mawazo njiani. Mdomo wangu ukafanya ulivyozoea.

"Haina kichwa, Maman."

"Kichwa ulishakula."

Nikamlipa bei ya siku hiyo, yaani bei ya mchele wa nje. Nyingine haikuwepo. Gunia lile la nne nililiuza kopo kwa kopo kama mengine.

Haikupita miaka mingi, mifuko myeupe ikaanza kuchelewa, halafu ikakoma. Walisema serikali haina tena devizi, pesa ya kununulia vitu nje. Papa wa Nguba akaja, kola iko wazi, na neno citoyenne amelisahau nyumbani.

"Maman, ile ya Sange haiko?"

"Ile ya mama yako?"

"Maman, nakuomba."

Nikapanda lori na magunia sita matupu na bei nzuri, bei ambayo sijawahi kumpa mtu. Mjane alinipokea vizuri, akanipa kiti na maji. Kutoka mlangoni kwake mpaka mfereji ulikuwa muhogo mtupu. Kwa majirani pia.

"Nitakupa bei ya kweli," nikamwambia. "Lima mupunga."

"Na mbegu gani? Wewe njo uliuza ya mwisho."

Nikamwambia nitamtafutia mbegu. Akaniuliza wapi. Nilikuwa nimepita vijiji vyote vya njia ile nikichungulia dirishani mwa lori, kote muhogo, na nilijua jibu kama yeye.

"Muhogo iko," akasema. "Kavu, safi. Bei ni moja, hatutagombana."

Alijaza magunia yangu sita mwenyewe, polepole, mpaka mdomoni. Kila moja alipitishia kiganja, akashona. La kwanza lilipokwisha nilibaki nimeshika jani la mgomba mkononi. Sikumbuki nililichuma saa ngapi.

"Weka chini hiyo, Maman," akasema. "Unikamatie kamba."

Nikamshikia kamba. Mpaka la sita.