Fundi Aliyegawa Mkasi Wake

Mkasi wa fundi cherehani hauazimwi.

Hauazimwi kwa mume wala kwa mama mzazi. Ukiona mtu anakatia karatasi mkasi wa fundi, kaa pembeni, maana hapo kuna ugomvi unakuja.

Sasa mimi, fundi wa miaka na miaka, asubuhi moja niliufunga mkasi wangu kwenye nepi ya mtoto, nikavuka barabara, nikampa muuza mkaa.

Nikamwambia, "Kaa nao. Hata nikija nalia, usinipe mpaka uone nina akili zangu."

Mama Mkaa akaupokea. Aliuchomeka nyuma ya magunia, akaendelea kumhudumia mteja.

Kesho yake nikampelekea kisu cha jikoni. Halafu nyembe za mume wangu.

Subirini nieleze.

Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kiume. Mtoto mzima, analia vizuri, ananyonya vizuri. Aliyekuwa hayuko sawa ni mimi.

Usingizi ulinikimbia hata yeye akilala. Chakula nilikitazama tu. Machozi yalinishuka nikiwa nakunja nguo, wala hakuna aliyenigusa.

Na kulikuwa na jingine ambalo sikumwambia mtu.

Chumba chetu cha mbele ndicho duka langu. Kila nikiutazama mkasi pale mezani, picha inanijia. Mkasi na mtoto. Siitaki, sijui inatoka wapi, lakini inakuja. Naondoka pale mezani mbio, naenda kusimama uani mpaka ipotee.

Nilimpenda yule mtoto, na niliiogopa mikono yangu mwenyewe. Ikafika mahali simbebi mpaka kuwe na mtu chumbani.

Watu wenyewe sasa, ngoja niwatambulishe, maana wanastahili.

Mama mkwe alikuja kusaidia. Msaada wake ulikuwa kukaa kwenye kiti cha wateja na kuuliza chai imefikia wapi. Akishaipata anasimulia alivyozaa watoto wake wote bila hata kuumwa kichwa. Ukimsikiliza utadhani aliletewa na tarishi.

Wifi yangu, dada wa mume, tulimwita Profesa. Alinifundisha kunyonyesha, kuogesha na kubembeleza, na yeye wakati huo hajawahi kulea hata kuku. Hali yangu aliipima kwa macho akaipa jina: kudeka.

Mume wangu yeye jibu lake lilikuwa "tutaona". Nikimwambia silali, tutaona. Nikimwambia kichwani mwangu hamko sawa, tutaona. Alikuwa anauza makava ya simu, na nadhani hata wateja aliwajibu hivyohivyo.

Basi siku moja mama mkwe akataka kukata kitunguu. Kuinuka kwenyewe kulikuwa habari.

Kisu hakuna. Akatafuta wembe, hakuna. Akaja mezani kwangu kuangalia mkasi, akakuta futi ya kupimia na vipande vya kitambaa.

Kikao kikaitishwa. Kwa ajili ya kitunguu.

Kwanza wakasema kaingia mwizi. Mwizi gani huyo anaacha cherehani, anabeba kisu kilichovunjika mpini? Halafu wakasema nimeviuza. Mnunuzi hawakumtaja. Mwishowe Profesa akakumbuka kuniona navuka barabara na furushi, akaenda kudai. Mama Mkaa akamjibu kwamba pale panauzwa mkaa, kama hataki mkaa apishe wateja.

Alirudi amevimba.

"Wifi, visu umevificha vya nini?"

Nilikuwa nimechoka. Uongo nao unataka nguvu, na mimi sikuwa nazo.

Nikasema, "Picha mbaya zinanijia, naona mtoto anaumia. Sitaki vitu hivyo viwe karibu yangu."

Wakatazamana. Mjinga mimi nikadhani sasa wamenielewa.

Profesa akamgeukia mama yake. "Si nilisema? Anataka kumuua mtoto."

Wakapanga mambo mbele yangu kama vile mimi ni pazia. Kesho ni siku ya kliniki, mtoto anapimwa uzito. Nesi aambiwe yote ili kuwe na shahidi. Kutoka hapo mama mkwe aondoke na mtoto moja kwa moja, mimi nirudishwe kwetu.

Nikamtazama mume wangu. Mtoto ni wake, mke ni wake.

"Tutaona," akasema.

Nimewahi kudharau watu maishani, lakini dharau ya siku ile sijairudia.

Kliniki tulikwenda wote. Hata mume alifunga kibanda chake, kwa kuwa safari ya kumshtaki mzazi haikosi wasindikizaji. Profesa alikuwa amebeba begi la nguo za mtoto, zote. Mimi nilitembea nyuma nikiangalia lile begi, nikijua kwamba usiku huo nitalala bila mtoto.

Nesi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imeungwa kwa plasta. Akampima mtoto, akaniuliza naendeleaje. Akajibu Profesa.

Alimwaga kila kitu. Visu, nyembe, mkasi, muuza mkaa, kitunguu, kudeka. Nesi akamwacha mpaka akakaukiwa.

"Hivyo visu nani alivitoa ndani?"

"Yeye," Profesa akanisonta.

"Basi aliyekuwa anamlinda mtoto ni yeye. Nyinyi watu wazima watatu mlikuwa mnasubiri kitunguu."

Akawatoa nje wote, akafunga mlango.

Aliniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Je, nasikia sauti? Zile picha nazitaka au zinanitisha? Je, nawaza kufa? Nikajibu yote, mpaka ile "tutaona" ya mume wangu nikamwambia, kamasi na machozi pamoja. Akasema huo ni ugonjwa, una jina, unaitwa sonona baada ya kujifungua, na unatibika. Akasema picha za kutisha huwajia wazazi wengi na wengi hukaa kimya. Kwa nini wanakaa kimya hakusema. Mimi sababu ninazo tatu, zote zilikuwa pale nje kwenye benchi.

Siku hiyohiyo akanipeleka kwa daktari. Kisha akawaita ndani. Mtoto anabaki na mama yake. Mama asiachwe peke yake, apate kulala, apate kula, dawa asiruke. Na mwenye neno la kudeka akalisemee kwake.

Mume wangu akafungua mdomo.

"Wewe hutaona," nesi akamkatiza. "Wewe utaamka usiku umbembeleze mtoto."

Na aliamka. Wiki nzima alitangazia mtaa kwamba watoto wachanga huamka usiku, kama vile ni jambo alilogundua yeye. Mama mkwe alirudi kwake, chai ikapungua matumizi.

Sikupona kwa siku moja. Ilichukua dawa, mazungumzo na nesi, na siku nyingi za kurudi nyuma. Picha zikaanza kuja kwa nadra, halafu zikaacha.

Asubuhi moja nikavuka barabara, mtoto mgongoni. Mama Mkaa akanitazama usoni sana, akaingiza mkono nyuma ya magunia.

Mkasi ulikuwa mweusi, makali yamekwisha. Kumbe muda wote ule alikuwa anakatia kamba za magunia.

Nilimfokea mpaka wapita njia wakasimama. Mkasi wa fundi, kamba za magunia? Ana akili kweli? Yeye anacheka tu, mkaa umemjaa hadi kwenye meno.

"Chukua," akasema. "Sasa nimeona una akili zako."

Ningeishia hapo, lakini kuna Profesa.

Aliolewa, akazaa. Sikwenda kumfundisha kitu. Nilipeleka sabuni, nikapongeza, nikaondoka.

Baada ya muda akaja dukani kwangu peke yake, mtoto mgongoni, begi mkononi. Nywele hazijachanwa. Yule mwanamke ambaye hata kwenda dukani alipaka rangi ya mdomo.

Aliweka juu ya meza kitu kilichofungwa kwenye nepi, nikasikia mlio wa chuma kwenye mbao.

"Wifi," akasema akiangalia sakafu, "nitunzie."

Hotuba ya kumpa nilikuwa nayo tayari. Nilikuwa nimeishona tangu siku ya kliniki, na ilikuwa imenikaa vizuri.

"Nyembe nazo?" nikauliza.

"Zimo."

Nikampokea mtoto, nikafunga duka, tukaenda kliniki. Hotuba nikaibakiza ndani. Kumdharau bado namdharau kidogo, nisiwadanganye, lakini siku ile nilimbebea begi.

Wenye majibu ya kila kitu, nisikilizeni. Mzazi akikwambia anaiogopa mikono yake, hajakwambia anataka kuua. Amekuomba mikono yako. Mbebe mtoto, mpeleke mama hospitali, na kitunguu chako kikatie kwako.