Kikuza Sauti cha Baba

Nilipoanza shahada ya uzamili pale Dodoma, wenzangu karibu wote walikimbilia programu za kompyuta. Mimi nilichagua saketi za analojia, zile zinazoichukua sauti kama ilivyo, na mawimbi yake yote, bila kuigeuza kuwa tarakimu. Walinitania kwamba nasomea redio za mkulima. Baba yangu alikuwa hanisikii tena kwenye simu, na hilo sikutaka kulieleza darasani.

Baba alistaafu kazi ya kuhudumia mifugo, akabaki Mpwapwa na mama. Alikuwa mtu wa maongezi. Angeweza kukusimulia habari za ng'ombe mmoja mpaka chai ikapoa. Masikio yalipoanza kumwisha, aliacha kwanza kwenda kwenye vikao vya ukoo, halafu akawa anaingia ndani kila wageni wakija. Mama aliniambia anaona haya kujibu asichoulizwa.

Kwa hiyo msimamizi wangu aliponiuliza nataka kubuni nini, nilimwambia kikuza sauti kidogo, cha betri, cha mtu asiyesikia vizuri. Alikuwa mzee mpole aliyekaribia kustaafu, na nadhani nilikuwa mwanafunzi wake wa mwisho.

"Kukuza sauti si kazi," aliniambia. "Kazi ni kwamba saketi haijui ipi sauti na ipi takataka. Inakuza vyote."

Nilimwelewa nilipomaliza kulehemu ya kwanza, chumbani kwangu Area D. Niliipachika ndani ya kisanduku cha sabuni, nikachomeka spika ya sikioni. Sauti ilikuja kweli, lakini nyuma yake kulikuwa na mvumo usiokoma.

Likizo ilipofika nilikwenda nayo Mpwapwa. Nilimkuta baba uani, nikamvalisha, nikasimama nyuma yake.

"Shikamoo, baba," nilisema, kwa sauti yangu ya kawaida.

Aligeuka haraka. "Marahaba. Mbona unanipigia kelele?"

Tulicheka mpaka mama akatoka jikoni. Baba akamwambia anyamaze kidogo, anataka kusikia kuku wanavyoparua. Akasikiliza kuku. Akasikiliza ufagio wa jirani. Mama aliporudi jikoni huku akinung'unika kwamba mboga inaungua kwa ajili ya upuuzi wetu, baba alinikonyeza: "Kumbe huwa ananisema hivi!"

Baadaye aligusa sikio. "Ila humu ndani kunanyesha mvua."

Nilimweleza kwamba ni transista ya mwanzo, ile inayopokea sauti ikiwa bado ndogo. Nimeagiza iliyo bora kutoka nje. "Nikuachie hivi hivi, baba?"

"Hapana, mama. Kaimalize kwanza. Masomo yako yasiharibike. Mimi kimya nimeshakizoea."

Nilipumua. Ilikuwa ndiyo hiyo moja tu, na vipimo vyangu vyote vilikuwa bado. Niliifunga kwenye kanga, nikapanda basi kurudi Dodoma.

Transista zilichelewa sana. Zilipofika, nilibomoa saketi nikaanza upya, kisha nikabomoa tena. Nilibadili rezista, nikasogeza nyaya, nikakifunika kisanduku kwa bati jembamba. Siku moja mstari kwenye kioo cha osiloskopu, mashine inayochora mawimbi ya umeme, ulitulia, ukawa mwembamba kama uzi. Msimamizi wangu alivaa spika, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda.

"Hiki sasa ni kimya," alisema. Sijawahi kusifiwa vile, kabla wala baada ya hapo.

Wiki hiyohiyo mama alipiga simu. Baba amelazwa, homa ya uti wa mgongo. Alipona, akatembea, akarudi nyumbani akiwa amekonda. Daktari alinieleza taratibu kwamba mishipa ya kusikia imekufa. Hata ukikuza sauti kiasi gani, hakuna kitakachofika.

Nilikipeleka hata hivyo. Sijui nilitarajia nini. Nilimvalisha, nikamwamkia. Alitazama midomo yangu, akaitikia marahaba, halafu akanishika mkono.

"Umeweza, mama," alisema. "Ile mvua haipo."

Nilikwenda nyuma ya nyumba kulia.

Mwishowe alikigawa. Ana rafiki, mzee wa Kondoa aliyehamia Mpwapwa kufanya biashara ya alizeti, naye masikio yalikuwa yameanza kumsumbua. Kwake kinafanya kazi vizuri sana. Msikitini, anasema, sasa anasikia hotuba neno kwa neno.

Mimi nilifaulu. Siku hizi nafanya kazi Mtumba, nahudumia kompyuta za ofisi, na chuma cha kulehemu sikishiki tena. Watu wakinisifia utafiti wangu, nawashukuru. Lakini ninachokifikiria ni ile miezi ambayo kisanduku kilikuwa wazi mezani kwangu, kikisubiri transista, na baba amekaa uani akiwa bado na masikio ya kukitumia. Angesikia mengi, pamoja na mvua yake. Alikataa mwenyewe, ndiyo. Ningemlazimisha, asingebisha sana.

Mara ya mwisho nilipokwenda, rafiki yake alikuwa anasimulia kisa kirefu cha mteja mmoja mbishi. Sote tulicheka. Baba alitutazama nyuso, mmoja mmoja, kisha naye akacheka.