Nyumba Iliyopewa Pole

Wifi yangu habishi hodi. Nisimsingizie: hubisha, ila hodi yake na kishindo cha mlango huja pamoja, na akishaingia hatazami watu, anatazama madirisha. Ni mshonaji wa mapazia. Mtaa mzima unamwita Mama Pazia, na utepe wake wa kupimia haushuki shingoni, anakula nao na nadhani analala nao. Ni mdogo wake mume wangu, dada yake wa pekee, na anayejua habari za mawifi ataelewa nikisema kwamba tangu niolewe sijatundika pazia hata moja likamridhisha.

Kazi yake ya pili ilimwangukia tu. Mteja wake mmoja alikuwa na nyumba isiyouzika, akamwita amshonee mapazia mapya, labda yatasaidia. Mama Pazia akaingia, akaketi kwenye kochi, akanyamaza, jambo ambalo kwake ni nadra. Halafu akasema, "Mapazia yako hayana kosa. Kabati ndilo limeziba dirisha. Nani kaliweka hapo?" Kabati likasogezwa, makochi yakageuzwa, na nyumba ikapata mnunuzi. Basi madalali wakamjua. Nyumba ikikaa sana bila kuuzika, anaitwa yeye, anakwenda na mkasi wake na mdomo wake.

Mimi sikumwita. Nasema wazi, sikutaka. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa muuguzi, niliongoza wodi nzima, wagonjwa na madaktari wote wakinyooka, sasa nishindwe kuuza nyumba yangu mwenyewe mpaka wifi aje kunikagua? Thubutu!

Lakini nyumba ilikuwa imegoma. Mume wangu alikuwa fundi bomba, Mzee Bomba wanamwita, na alijenga nyumba hiyo kwenye mteremko, ngazi kutoka getini hadi barazani, ngazi nyingine za kupanda vyumbani juu. Enzi hizo alizipanda na mzigo wa mabomba begani huku akiimba. Kisha kiharusi kikampiga. Mkono ulirudi, mguu ukarudi nusu, na zile ngazi alizozijenga kwa mikono yake zikamfungia ndani. Kwenda kwa kinyozi tu, lazima watu wambebe, naye kubebwa hataki, anasema yeye si kochi.

Binti yetu alikuwa ametupatia nyumba jirani na kwake, ndogo, yote chini, mlango wake hauna hata kizingiti. Mama mwenye nyumba ile alitupenda, akakubali kutusubiri mpaka shule zitakapofungwa. Zikishafungwa, angemuuzia mwingine, na haki yake. Sisi hatukuwa na njia ya kununua ile bila kuuza hii. Kwa hiyo tulikuwa tunangoja jambo moja tu, mnunuzi: ama aje mume wangu atoke nje kwa miguu yake, au asije azeeke barazani akiangalia vichwa vya wapita njia.

Wageni walikuja, tena wengi. Dalali wetu kila safari alininong'oneza, "Mama, huyu ndiye." Mgeni anazunguka, anasifu jiko, anagonga ukuta, anasema tutawasiliana, halafu anaingia mitini. Nilianza kumchukia dalali na "huyu ndiye" yake.

Siku moja naandaa chai ya wageni wengine, mlango ukafunguka kwa kishindo. Hodi! Mama Pazia huyo, kaketi pembeni kama jirani aliyepita kusalimia. Nilimtazama mume wangu, akajifanya hamnazo. Nikajua ndiye aliyempigia simu.

Nikameza hasira, nikapokea wageni. "Karibuni, karibuni. Poleni na ngazi. Poleni na jua. Huyu ni mume wangu, amepumzika hapo, msijali, ni mguu tu siku hizi." Nikawatembeza. Nikawaonyesha pale alipoanguka, ili waone sakafu ilivyo imara, haikupasuka hata kidogo. Wakaona vyote, wakashukuru. Getini yule bwana akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Poleni sana, mama. Mungu atasaidia."

Niliporudi ndani, Wifi alikuwa amesimama katikati ya sebule. "Kafa nani humu?"

"Unasemaje?"

"Nauliza tu, maana hao wametoka kama wanatoka matangani. Wote huaga hivyo?"

Nikataka kubisha. Nikawakumbuka mmoja mmoja: yule mwenye miwani, wale mapacha, yule bibi aliyekuja na wakili wake. Poleni sana. Pole mama. Poleni, mwe na subira. Hakuna aliyeaga vinginevyo.

"Wifi," akasema, safari hii taratibu, "mimi huwa sisikilizi watu wanachosema ndani. Ndani kila mtu ana adabu. Nasimama getini wakitoka. Aliyeona nyumba anasema hongera. Hata kama hataki bei ipande, linamtoka tu. Sasa hawa wako wanatoa pole. Hawajaona nyumba, wameona mgonjwa. Umewatembeza wodini!"

Mori ukanipanda. "Mgonjwa huyo ni kaka yako!"

"Najua ni kaka yangu. Kwani yeye ndiye aliyetaka kulazwa sebuleni?"

"Sema naye, mdogo wangu," mume wangu akadakia kutoka kitandani. "Mimi nikisema naambiwa nilete mkono nipimwe presha."

Nikageuka nimjibu, na hapo ndipo nilipoiona sebule yangu. Kitanda kando ya mlango. Dawa juu ya kabati, zimejipanga kwa saa za kumeza. Beseni na taulo. Mapazia ya kijani kizito, niliyachagua mwenyewe kwa sababu hayaonyeshi uchafu, yaleyale ya hospitali. Na harufu ya ile dawa ya kupigia deki niliyoizoea hata pua yangu haiisikii tena. Nilikuwa nimestaafu nikaihamishia wodi nyumbani. Nikakaa kwenye kiti, nikacheka mpaka machozi, na sehemu ya machozi hayo haikuwa ya kicheko.

"Ukimaliza kulia," Wifi akasema, "tufungue stoo."

Stoo ilikuwa chini, karibu na jiko, na ilikuwa ufalme wa mume wangu. Mabomba, viwiko, koki kuukuu, vipande vya mpira, sinki lililopasuka ambalo siku moja litafaa. Kila tulichokitoa alikililia. "Hicho usitupe! Hicho hakitengenezwi tena!" Mwishowe Wifi akamwita fundi mwenzake wa zamani, akaja na mkokoteni, na mume wangu akamkabidhi kitu kimoja kimoja kwa maelezo marefu. Yule rafiki alivumilia mpaka jioni, Mungu ambariki.

Nyuma ya maboksi ya mwisho kulikuwa na dirisha. "Hee! Humu kuna dirisha?" Ni mimi huyo niliyeshangaa, niliyeishi nyumba ile tangu haijapigwa lipu, na nilikuwa nimeshalisahau.

"Nililiweka mimi," mume wangu akasema kutoka mlangoni, ameegemea fimbo. "Linapata jua la asubuhi. Nilisema kitakuwa chumba cha mama, akafariki kabla hatujahamia." Akalitazama kwa muda. "Halafu nikaanza kuweka mabomba."

Wifi alivua utepe wake akalipima dirisha, kisha akalipima tena, na Mama Pazia hapimi kitu mara mbili.

Tulipaka chumba rangi ya maziwa. Kitanda kikahamia humo, dawa zikaingia kwenye droo, makochi yakarudi sebuleni na kuelekezwa dirishani. Nilipigwa marufuku dawa yangu ya deki. Mapazia ya kijani yakashuka, yakapanda ya kitambaa chepesi, rangi ya krimu, ukipita upepo yanacheza. "Yatachafuka haya," nikamwambia. "Yachafuke tu, yatachafukia mikononi mwa atakayenunua," akanijibu.

Kubwa zaidi, nilipigwa marufuku pole. Neno lenyewe! Mtu aliyefanya kazi wodini, pole haimtoki mdomoni, inamtoka kwenye pumzi. Wifi akaweka sheria: kila ikiniponyoka, nashona pindo la pazia moja kwa mkono. Kwa muda mfupi nikawa nimeshona mapindo ya mapazia ya juu yote, na bado nilimpa pole paka aliyeteleza ukutani.

Likabaki bomba la jikoni. Lilikuwa linadondosha, tii, tii, tii, nyumbani kwa fundi bomba, aibu iliyoje. Fundi mwingine asiliguse, mwenyewe kuinama hawezi. Mimi nilikuwa nimeshalifunga kwa kitambaa, kama kidonda. Wifi alifungua kile kitambaa, akaburuta kigoda kirefu mpaka kwenye sinki, akamkalisha kaka yake, akamtia spana mkononi. Asubuhi nzima iliishia hapo. Spana ilianguka, akaitukana. Mkono wa kushoto ulitetemeka, nikajongea nimsaidie, Wifi akanikamata kifundo cha mkono.

"Mwache."

"Ataumia."

"Mwache, nimekwambia."

Mwishowe bomba likanyamaza. Sote watatu tukasikiliza, hakuna hata tone. Siku hiyo mume wangu alikuwa kero tupu: aliagiza chai, akasema haina sukari, akatupigia hadithi za mabomba yote aliyowahi kuyanyamazisha. Sijui lini nilifurahi hivyo kukerwa.

Shule zilikuwa karibu kufungwa dalali alipoleta mke na mume wenye duka la miwani, na mama mzazi wa yule mke. Wao wawili walifika barazani wakihema. Bibi alikuwa ameshafika kitambo, anawangoja, mkono kiunoni.

"Karibuni," nikasema, "po..."

Wifi akakohoa.

"...pokeeni maji ya kunywa."

Dalali akanitazama kama nimerukwa na akili, lakini maji wakapokea. Nikawaacha wazunguke wenyewe. Sikuwaonyesha mtu alipoanguka. Nilikaa juu ya mikono yangu, jamani, nilikaa juu ya ulimi wangu. Wale wawili wakapanda juu kuangalia vyumba vya watoto. Bibi hakupanda. Akaenda zake jikoni, akafungua bomba, akafunga, akaridhika, akachungulia chumba kidogo. Mume wangu alikuwa humo, kaketi kwenye kiti dirishani, shati safi, jua mapajani.

"Nyumba hii kajenga nani?" bibi akamuuliza.

"Mimi, mama."

"Na dirisha hili, ni wewe uliyeamua likae hapa?"

"Ni mimi."

Bibi akaangalia jua lilivyoingia mpaka kitandani. "Hongera, baba," akasema. "Umejenga."

Tangu siku mume wangu alipoanguka, ndugu, majirani, wauguzi, watoto wa barabarani, kila aliyemsogelea alimwambia pole. Hata mimi, asubuhi na jioni, nikimvisha soksi, pole. Hongera hakuna aliyewahi kumpa. Nilimwona akijinyoosha kwenye kile kiti, mabega yakarudi mahali pake, na nikamwona yule kijana aliyekuwa akipanda na mabomba begani. Wifi alichukua zulia la mlangoni akatoka nalo nje kulikung'uta. Tulikuwa tumelikung'uta asubuhi. Alilikung'uta muda mrefu sana.

Wale wawili waliposhuka, walimkuta bibi ameketi kitandani. "Nyinyi chukueni huko juu na watoto wenu na makelele yao," akawaambia. "Mimi nimeshafika." Mkwe wake akaanza kusema watakwenda kwanza kufikiri. "Fikirini," bibi akasema, "mimi nitawangojea humu humu."

Getini Wifi alikuwa amesimama, zulia begani. Nikatega masikio. "Hongereni kwa nyumba," yule mwanamke akasema, na mumewe akamkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Wifi akanikonyeza. Dalali akasema, "Mama, si nilikwambia huyu ndiye?" Siku hiyo nilimsamehe "huyu ndiye" zake zote.

Tulihama kabla ya shule kufungwa. Hapa tulipo hakuna ngazi, na kinyozi yuko hatua chache tu. Mume wangu anakwenda kwake hata siku ambazo hakuna nywele za kukata, anarudi na umbea wa mtaa mzima, nami nauhitaji, kwa hiyo sisemi.

Wiki ile ya kwanza madirisha yalikuwa bado matupu. Niko jikoni asubuhi nikasikia hodi. Nikangoja kishindo, hakikuja. Hodi tena, kwa upole. Nikachungulia dirishani: Wifi yangu, utepe shingoni, bunda la kitambaa kwapani, kasimama mbele ya mlango ambao haukuwa hata na komeo, anangoja. Nikataka kumpigia kelele, unangoja nini, ingia! Ndipo niliposikia fimbo sebuleni. Mume wangu alikuwa ameinuka, anakwenda kufungua mlango wa nyumba yake, taratibu, hatua baada ya hatua, na dada yake kule nje hakugusa kitasa. Nikarudi kwenye sufuria zangu, nikawaacha.

"Karibu," nikamsikia akisema.

"Hongera, kaka."

"Haya, sogea sasa," Mama Pazia akasema, "unaniziba, sioni madirisha."