Maji ya Kutosha Kumzamisha Mtu Mrefu

Mji wa Same una upepo, vumbi na mkonge, na maji ya bomba yanayokuja yakijisikia. Katika mji huo, sebuleni kwangu, baba yangu alitumia miaka yake ya uzee kutazama meli zikizama. Zilizama kwa rangi nyeusi na nyeupe, moja baada ya nyingine, na kila moja ilipokwenda chini yeye alitikisa kichwa taratibu, kwa kuridhika, kama mzee wa baraza anayeona ushahidi umetimia.

Sinema hizo nilizileta mwenyewe. Baba alikuwa ameshuka kutoka Bombo, kijijini kwetu milimani, baada ya magoti yake kugoma kupanda tena kwenye shamba la tangawizi, na mtu aliyelima maisha yake yote, ukimkalisha kwenye kochi, huanza kuwalima watu wa nyumbani. Mimi alinikosoa ninavyokaanga vitunguu. Mume wangu naye alikosolewa anavyofunga geti. Nikafunga duka langu la vipuri vya pikipiki mapema siku moja, nikaenda kwa wale wanaojaza muvi kwenye flashi karibu na stendi, nikaomba kitu cha kumtuliza mzee aliyepita themanini. Mwenye duka akauliza kama mzee anapenda mapigano. Nikamwambia anapenda kesi. Akacheka, akanijazia vita.

Kulikuwa na vita vya msituni, vya jangwani, hata vya farasi. Baba aliviruka vyote, akatua kwenye vita vya zamani vya baharini. Mara ya kwanza niliweka ile iliyotafsiriwa, ambapo sauti ya mtu mmoja wa mjini inafunika sauti zote na kusimulia. Nahodha anatoa amri ya mwisho ya maisha yake, mtafsiri anamwita "mwamba". Baba akasema, "Zima hiyo. Watu wanazama, yeye anapiga kelele za mnadani." Tangu hapo tukatazama kwa Kiingereza, ambacho baba alikijua nusu nami nilikisahau siku ile ile niliyomaliza mtihani, na hatukupungukiwa na chochote. Katika sinema hizo watu hawasemi mengi.

Nami nilinogewa, niseme nini. Meli inapasua mawimbi, mmoja ameshika darubini, mwingine anamletea kikombe cha chai. Kombora liko njiani chini ya maji, na chai inanywewa mpaka tone la mwisho. Hakuna anayelia wala anayekimbia ovyo. Wanawake hawamo, kwa hiyo mabusu hayamo, na mchungaji akitutembelea ghafla hakuna haja ya kurukia rimoti. Kuna wakati mchungaji mwenyewe alikaa mpaka meli mbili zikaisha, akasahau alikuja kuombea nini. Baba, ambaye hata kwenye kupalilia alifunga vifungo vya shati mpaka shingoni, aliwatazama wale maofisa waliozama wakiwa wamefunga vyao, akasema, "Hawa watu wamelelewa."

Mimi nilidhani anachopenda ni maji. Kwetu milimani maji ya kijito hukusanywa usiku kwenye ndiva, yaani bwawa la ukoo la mawe na udongo, na asubuhi hufunguliwa yashuke kwa mfereji, kila shamba kwa zamu yake. Nchi nzima inatusema kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Huo ni uzushi. Ng'ombe tumeuza kwa ajili ya kesi za mfereji. Za kuku ni chache. Sasa mtu aliyezaliwa kwenye zamu za maji unamweka mbele ya maji yasiyo na zamu wala kamati, yanayopigana yenyewe kwa yenyewe mpaka mwisho wa macho. Nikasema moyoni, mwache mzee ale kwa macho.

Lakini kulikuwa na moja aliyoitaka kila Jumapili baada ya ibada. Meli inapigwa, inalala ubavu, mafuta mazito yanamwagika baharini, na mabaharia wanaelea ndani yake nyuso zikiwa zimefunikwa, huoni kitu ila meno na macho. Mmoja wao amekumbatia ubao. Anageuka upande wetu, anafungua mdomo kama anayetaka kuita, kisha picha inahamia kwingine. Baba husema, "Rudisha." Narudisha. "Simamisha hapo." Nasimamisha. Makande yanapoa mezani, na mimi njaa inanipandisha hasira.

Jumapili moja uvumilivu ukaniishia. "Baba, kwani huyu mtu ni nani yako?"

"Ni baba yangu."

Nilimtazama vizuri kuona kama amezidisha dawa za presha. Akanitazama vilevile, kama mimi ndiye mgonjwa.

Habari za babu nilizijua juujuu, kama wajukuu wote. Alichukuliwa kwenye ile vita ya pili ya Wazungu, akapandishwa meli Mombasa, hakurudi, na baba alikuwa bado ananyonya. Nilichokuwa sijui ni namna taarifa ilivyopokelewa, na baba akanisimulia. Tarishi alikuja Bombo akamwambia bibi kwamba meli imezama na mumewe amekufa maji. Bibi akauliza, maji gani? Mumewe alikuwa mrefu kuliko wote kijijini. Ndiva ikijaa kabisa ilimfika kifuani. "Si angesimama?" bibi akasema. Tarishi naye alikuwa mtoto wa milima hiyohiyo. Yeye pia hakuwahi kuiona bahari.

Bibi hakuwa mjinga. Alipima kwa maji yote aliyowahi kuyaona. Akaamua kwamba serikali inamficha jambo, pengine mumewe ameoa huko, akakataa kuweka matanga. Na pasipo matanga hakuna kaburi. Alikufa mzee sana, bado akijihesabu mke wa mtu aliyesafiri, na baba akazeeka akiwa hajui aseme ni yatima au ni mtoto wa aliyekimbia familia.

"Nilitaka kuyaona hayo maji," baba akaniambia. "Nimeyaona. Yanatosha. Mama hakuelewa, lakini yanatosha kabisa."

"Na huyu wa kwenye ubao?"

"Picha ya baba hatuna hata moja. Sasa hapo kwenye mafuta, nani atajua huyu katoka Ulaya na yule katoka Bombo? Wote weusi. Nikachagua mmoja."

"Lakini hao ni waigizaji, baba."

"Najua. Kwani wewe ukienda kwenye kaburi la mama yako na kumsalimia, hujui kwamba unasema na udongo?"

 Tangu siku hiyo nikawa nasimamisha picha kabla hajaniomba, na nikajifunza kuyala makande yakiwa ya baridi.

Desemba dada yangu mkubwa akaja kutoka Dar es Salaam. Dada yangu ana upendo mwingi na subira kidogo. Akikupenda, lazima akurekebishe. Alikuwa amesikia kwenye simu kwamba baba anatazama sinema mbovu zisizo na rangi, akaona haya kwa niaba ya ukoo mzima. Akashuka kwenye basi na runinga kubwa kuliko dirisha langu, na flashi mpya. Ndani yake kulikuwa na sinema ileile ya baba. Nilikuwa nimemtajia jina lake mimi mwenyewe, kwa nia njema, naye akampa mtu anayejua mambo ya kompyuta aipake rangi yote kwa mashine. Habari za yule mtu wa kwenye ubao sikumwambia. Zilikuwa za baba.

Tukakaa wote baada ya ibada. Bahari ilitokea bluu ya sare za chekechea. Midomo ya nahodha ilikuwa ya waridi kama ya bibi harusi. Dada akapiga makofi: "Unaona, baba? Sasa ndiyo sinema!" Baba akasema, "Asante, mama, Mungu akubariki," maana yeye ni mtu wa malezi.

Meli ikapigwa, ikalala ubavu. Mafuta yakamwagika. Mashine ile haikujua mafuta ni nini, au ilijua ikaona ni uchafu. Nyuso zote ndani ya maji ilikuwa imezipaka rangi ya ngozi ya Kizungu. Yule mtu akageuka na ubao wake, mashavu mekundu, nywele za manjano, macho ya bluu kabisa.

"Huyu ni nani?" baba akauliza.

"Ni yuleyule, baba," dada akasema kwa furaha. "Sasa ndio anaonekana vizuri."

Nilinyakua rimoti, nikatafuta mahali pa rangi, nikaishusha mpaka mwisho. Picha ikarudi nyeusi na nyeupe kama zamani, mafuta yakarudi usoni. Baba aliinama mbele, akaitazama kwa muda, mikono juu ya magoti.

"Bado ni Mzungu," akasema. Kisha akainuka taratibu, akaenda chumbani kwake bila kula.

Nilimwonea huruma hadi nikamkasirikia dada, na dada nilipomweleza alilia hadi nikajikasirikia mwenyewe. Kufiwa na mtu yuleyule mara ya pili akiwa na umri ule, na safari hii kwa zawadi ya mwanawe!

Asubuhi baba alitoka akiwa amevaa shati la kanisani. Akasema tumpigie simu kila mtu wa ukoo, tunakwenda Bombo kuzika. Zamani kwetu mtu aliyepotelea mbali alizikiwa mgomba badala ya mwili, na yeye haoni sababu ya kusubiri zaidi.

Ukoo ulikaa kikao, na kama kawaida yetu kikao kikawa kesi. Upande mmoja ulisema uamuzi wa bibi haujatenguliwa. Upande mwingine ukasema bibi mwenyewe hayupo, kwa hiyo hakuna mlalamikaji. Mjomba mmoja alitaka ushahidi kwamba kweli maji ya baharini yanampita mtu mrefu. Baba akamjibu, "Nimeyatazama miaka mitatu," na hapo kesi ikafungwa. Mchungaji naye alikuwa na shida yake; kitabu cha ibada hakina sala ya mgomba. Akaamua ataiombea familia, na wakati wa kushusha atakuwa anatazama mibuni ya kahawa kule shambani.

Wanaume wakaukata mgomba, wakauviringisha shuka jeupe, wakaubeba mpaka kwenye shimo karibu na kaburi la bibi. Mawingu yalikuwa yameshikana kule juu, kila mtu alitaka kumaliza kabla ya mvua, na vijana waliuteremsha harakaharaka, ukagonga ukingo. Wawili wakacheka. Dada alinishika mkono.

Baba akapaza sauti, ile aliyokuwa akiitia mifugo.

"Polepole," akasema. "Mshusheni polepole. Huyu ametoka mbali."