Bi Tulia Wawili

Harufu ya pepeta ndiyo inayonirudisha Ifakara ya miaka ya hamsini: mpunga mchanga ukikaangwa kwenye chungu, kisha ukitwangwa ungali moto, ua mzima ukinukia. Msimu ule nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kila siku baada ya masomo nilikimbilia shamba letu la Katindiuka kuamia ndege. Nilipanda kwenye dungu, kichanja kirefu cha mlinzi wa shamba, nikapiga kelele mpaka jua likazama, nikishindana na makundi yaliyoshuka kwenye mpunga. Sauti yangu ilisikika mashamba matatu mbele. Sikujua kwamba ndiyo itakayoniponza.

Mwalimu wetu, Mwalimu Kornelia, alitunga mchezo wa kuchekesha kwa ajili ya siku ya wazazi. Dada wawili wanatembelewa na mchumba: Bi Tulia, mpole, anayesema kwa kunong'ona, na Bi Makeke, anayemfokea mgeni hata kabla hajaketi. Nilimtaka Bi Tulia kwa moyo wangu wote, maana yeye ndiye aliyevaa kanga mpya na mwishoni ndiye aliyeolewa. Mwalimu alitutazama, kisha akampa Perpetua, rafiki yangu, binti wa karani, ambaye mikono yake haikuwahi kushika jembe. "Wewe una sauti ya dungu," akaniambia. "Makeke ni wako." Darasa zima likacheka. Nilicheka nao, huku nikimwonea Perpetua wivu. Tangu siku ile kila kitu cha Perpetua kiliniudhi: shingo yake, mwendo wake, hata namna alivyoitika "abee". Kibaya zaidi, hakuwa na kosa. Jumamosi moja alinifuata shambani akaomba nimfundishe kufukuza ndege. Nilimfundisha shingo upande, naye akapayuka mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya wazazi ilipofika, nilikuwa nimeshaamua. Ningemwigiza Bi Makeke kwa upole kuliko Bi Tulia mwenyewe, watu waone nani alistahili ile kanga. Yudita, msichana mrefu aliyevalishwa kanzu awe mchumba, akabisha hodi. Nilitakiwa kumfokea. Badala yake nikapiga magoti, nikainamisha macho, nikanong'ona, "Karibu, kaka yangu. Pole na safari." Perpetua naye akanong'ona vivyo hivyo, kama alivyofundishwa. Yudita akabaki katikati yetu amekodoa macho, hana wa kumkimbia wala wa kumkimbilia. Hakuna aliyecheka. Nilimsikia mama yangu akiuliza, "Sasa mkali ni yupi?" Mwalimu alishika kichwa.

Ndipo Perpetua alipoivua kanga ile mpya, akajifunga kiunoni, akapanda juu ya kiti. "Hooo! Toka! Toka kwenye mpunga wetu, we ndege mkubwa!" Yudita akaruka, akakimbia kwelikweli, akajikwaa kwenye kanzu na kuanguka. Wazazi walicheka mpaka wakashikana mabega. Kelele zile zilikuwa zangu, neno kwa neno, na nilitamani kuzinyakua kinywani mwake. Lakini nilikuwa nimepiga magoti, mpole kabisa. Yudita aliporudi akipangusa vumbi alinishika mkono, akanioa mimi, maana mchezo ulitaka mpole aolewe. Hakuna aliyetutazama.

Siku hizi nyumba zimejaa pale tulipolima mpunga, na mimi na Perpetua ni bibi za watu. Tukikutana harusini vijana humwamkia, "Shikamoo, Bi Makeke!" Naye huachia ukelele mmoja, watu wakavunjika mbavu. Nina mvi kichwa kizima na bado naona wivu, sitaki kudanganya. Mwezi uliopita mjukuu wake alinisogelea, akaniuliza kwa adabu, "Bibi, siku ile ya mchezo na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mjukuu wangu."

"Ulikaa wapi?"

Nikamwambia nilikaa mbele kabisa.