Nilipaka Pampu Mbovu Silva, Nikamwambia Bibi Ni Mpya

Mimi ni mjinga. Naanza hapo ili tusipotezeane wakati. Msinitafutie kisingizio, wala msiseme ati ni shetani. Shetani hakuwa Kitale siku hiyo. Nilikuwa mimi peke yangu na brashi.

Nina lori. Kazi yangu ni kununua mahindi upande wa Ndalu na kuyaleta Kitale. Lori lenyewe ni la zamani, lakini nalipenda kuliko inavyofaa, mpaka bibi yangu Nafula alikuwa akiniuliza kama siku ya harusi tulikuwa watu watatu.

Basi hilo lori likaanza kukohoa. Kwa tambarare linaenda sawa, likifika mlima linakata pumzi, linazima. Nashuka, napampu dizeli kwa mkono, linawaka, tunasonga kidogo, linazima tena. Fundi wangu akalifungua akasema, "Bosi, hii pampu ya kuvuta dizeli kutoka kwa tangi imekwisha. Mpira wa ndani umepasuka. Weka ingine."

Na ni kazi ndogo, bana! Unafungua bolti mbili na paipu mbili, unaweka mpya, unatoa hewa, umemaliza. Hata chai haijapoa.

Nafula akauza maharagwe yake, akanipa pesa ya pampu. Alikuwa mjamzito, mimba yetu ya kwanza, tena baada ya kungoja mpaka watu wa kanisa walikuwa wamechoka kutuombea. Akaniambia, "Mzee, nunua hiyo kitu leo. Sitaki kusikia umelala njiani."

Nikaenda mjini. Woi! Si kabla ya duka la spea kuna duka la redio za magari? Nikasikia spika zinapiga besi mpaka kifua kikatetemeka. Nikaingia kuuliza bei tu. Mwanaume akiingia kuuliza bei tu, ujue huyo amekwisha.

Nilipotoka hapo, pesa ya pampu ilikuwa imegeuka spika. Nikaenda kwa singasinga wa spea, yule Mhindi wa kilemba, nikamwomba boksi tupu la pampu. Akanitazama juu ya miwani.

"Boksi bila pampu?"

"Ya kuwekea misumari."

Akanipa. Mzee wa watu hakujua anasaidia uhalifu. Nikaenda nyumbani, nikatoa ile pampu kuukuu, nikaiosha na petroli, nikaipaka rangi ya silva mpaka ikang'aa, nikairudisha mahali pake. Boksi nikaliweka mezani. Nafula akatoka na tumbo lake kuja kukagua, akacheka, akasema, "Sasa hapo umefanya kama mwanaume." Nami nikafurahi! Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa. Spika nikasema ni za rafiki, ameniazima.

Siku zake zilipokaribia, Nafula akaenda kwao Ndalu, mama yake apate kumwangalia. Hapa wale ambao si wa kwetu niwaeleze kitu. Sisi Wabukusu, mwanaume na mama mkwe hawakaribiani. Hamsalimiani kwa mkono, hamketi kiti kimoja, mkikutana njiani mmoja wenu anaingia kwa shamba la watu. Yule mama nilikuwa namjua zaidi kwa mgongo kuliko kwa uso.

Siku moja nikaenda Ndalu kutafuta mahindi, mvua ikanishika huko. Nikapita kwa wakwe nisalimie nikiwa pale kwa geti, kama heshima inavyotaka. Nikasikia Nafula analia ndani ya nyumba. Mama mmoja jirani, mkunga, akatoka mbio.

"Ni wewe Mungu ameleta! Mtoto amekaa vibaya. Twende Lugulu hospitali sasa hivi. Pikipiki haiwezi hii matope, lakini lori lako linaweza. Si Nafula alituambia lina pampu mpya?"

Pampu mpya, nyinyi! Lakini ningesema nini?

Tukaweka godoro nyuma, turubai juu. Nafula akalazwa, mkunga akapanda, mama mkwe naye akapanda amejifunika leso ili tusionane. Nikaondoka nikiomba Mungu asawazishe milima yote ya Tongaren.

Hakusawazisha. Mlima wa kwanza tu, lori likakohoa, likafa. Nikashuka kwa mvua, nikapampu kwa mkono. Hewa tupu. Mkunga akachungulia.

"Hii lori imekufa ama imepumzika?"

Nikasikia Nafula anauliza kutoka kwa godoro, kwa sauti ndogo, "Si pampu ni mpya?"

Ningeweza kudanganya tena. Nawaambia ukweli, uongo wa pili ulikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa anatetemeka, na nilimwogopea. Nikasema, "Si mpya. Ni ile ya zamani. Niliipaka rangi."

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Aliuma leso tu, akageuza uso upande ule mwingine.

Njia ilikuwa moja. Ukiinua mtungi wa dizeli juu ya injini, dizeli inateremka yenyewe, haihitaji pampu. Nilikuwa na mtungi na kipande cha paipu. Nikanyonya paipu kwa mdomo ili dizeli ishuke, nikameza kiasi, nikaifunga kwa injini, nikatoa hewa. Shida ni kwamba paipu ilikuwa fupi, mtungi haungefika juu ya paa. Ilibidi mtu akae mbele na mimi, auinue kwa mikono pale dirishani mpaka Lugulu.

Mkunga hakuweza kumwacha Nafula. Barabarani hakukuwa na mtu, maana nani anatembea kwa mvua hiyo? Nikasimama pale kama mlingoti.

Mama mkwe akashuka mwenyewe. Akazunguka lori, akafungua mlango, akapanda, akakaa kando ya kiti changu. Akachukua mtungi akauinua kama kuhani.

Nikapanda pia. Nilijibana kwa mlango wangu mpaka kitasa kikaniingia mbavuni. Nanuka dizeli mdomo mzima, naangalia barabara peke yake. Yule mama hakuniambia neno. Alikuwa anaongea na Mungu.

"Mungu, mwambie huyo mtu kuna shimo mbele."

Nakwepa shimo.

"Mungu, mwambie aache kulia, haoni njia."

Kweli nilikuwa nalia. Kila tukirushwa, dizeli inammwagikia kichwani, inashuka shingoni, inaingia kwa nguo yake ya kanisa. Lakini hashushi mtungi. Mara Nafula akapiga kelele huko nyuma, kisha akanyamaza ghafla. Mguu wangu ukaondoka wenyewe kwa pedeli ya mafuta. Hapo yule mama akasahau Mungu, akasahau mila, akanigeukia uso kwa uso.

"Wewe! Endesha!"

Tukafika. Wakampeleka Nafula ndani mbio. Mimi nikabaki nje ya mlango, na mtoto akatoka, nikajua ametoka kwa sababu nilisikia wanamwambia Nafula ameshatoka. Lakini hakulia. Nikangoja. Jamani, hakulia! Watu wanatembea hapa na pale, viatu vinalia, mtoto wangu halii. Nilikaa chini sakafuni, mtu mzima na ndevu zangu.

Baadaye akalia, kidogo, kama paka. Nesi akatoka akaniambia tumefika kwa bahati, tungekawia kidogo angetuambia maneno mengine. Ni mvulana. Yuko hai. Walikaa hospitali kwa muda mpaka akapata nguvu, ila Nafula alisema mimi nisiingizwe wodini.

Wazee wakaniita. Kukaa kiti kimoja na mama mkwe na kummwagia dizeli si jambo la kusema pole tu likaisha. Nikatoa kondoo, nikatoa blanketi, mambo yakasafishwa. Pampu mpya niliweka siku hiyo hiyo niliyorudi Kitale, na kweli chai haikupoa. Lori likapanda mlima bila kukohoa hata mara moja, nikaegesha kando ya barabara, nikajitukana kwa lugha zote ninazozijua.

Lakini Nafula hakurudi. Yuko kwao. Alimtuma yule mkunga aniambie hana hasira, ila hajui ni kitu gani nikisema yeye aamini. Nikipiga simu, anayeshika ni mama yake, na mama yake hawezi kuongea na mimi, kwa hivyo anakata.

Jana nilipiga, yule mama akashika. Nikangoja akate. Hakukata. Nikasikia hatua zake, nikasikia mlango, halafu nikasikia mtoto wangu analia karibu kabisa na simu, kwa nguvu, ana hasira na dunia yote. Yule mama alimshikilia simu pale mpaka salio langu likaisha.

Nyinyi wenye magari, mkiambiwa na fundi kitu kimekwisha, badilisheni. Na bibi akikuuliza kama umebadilisha, mwambie ukweli akiwa bado anakuuliza. Mimi mwanangu namjua kwa sauti. Sura bado sijaonyeshwa.